Wanaume Wenu Wako Wapi?

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, viti vya plastiki hupangwa uani kwa mtu na Wakatoliki wa jirani huanza kusali. Hiyo ndiyo jumuiya. Mwaka 1976 maaskofu wa nchi za mashariki mwa Afrika, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walizipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika uchungaji wao, na leo karibu kila jambo la Mkatoliki wa Tanzania hupitia huko: ubatizo wa mtoto, barua ya ndoa, zaka, hata mazishi. Lakini ukihesabu waliokalia viti hivyo, utakuta akina mama, watoto wanaosinzia, wazee wawili watatu, na pengine mwanamume mmoja mwenye nguvu zake, naye ni mwenyekiti.

Akina mama wamejipanga siku nyingi. WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, ulianzishwa mwaka 1972, na Septemba 2022 ulisherehekea miaka 50 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mgeni rasmi. Wanaume nao wana UWAKA, Umoja wa Wanaume Katoliki, na somo wao ni Mtakatifu Yosefu. Wenzao wa Kenya wana CMA, chama chao cha wanaume Wakatoliki. Tofauti huonekana ukishuka hadi mtaani, ambako umoja wa wanaume huweza kuamka sikukuu ya somo ikikaribia, tarehe 19 Machi au 1 Mei, ukashona sare, ukapiga picha na paroko, kisha ukalala hadi mwaka unaofuata.

Katika parokia moja ya pembezoni, upande wa Pugu, umoja wa namna hiyo ulilazimika kujiuliza upo kwa ajili gani. Aliyeandika mambo yake yote ni mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli, ambaye majirani humwita Katibu hadi leo ingawa kalamu alishaikabidhi kwa kijana. Mihtasari ya vikao aliiandika kwenye kaunta buku zenye majalada magumu, tarehe upande wa kushoto, waliohudhuria, wasiohudhuria, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Kumbukumbu zake na madaftari hayo ndiyo yanayosimulia hapa.

Katibu hakuingia kwenye umoja kwa kuguswa na mahubiri. Kwa miaka mingi alikuwa Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, na jumuiya aliiachia mke wake. Kisha baba mkwe wake, aliyekuja Dar es Salaam kutibiwa, akafariki hospitalini usiku, na mazishi yakapaswa kufanyika Songea, safari ya zaidi ya kilometa 900. Kabla jua halijachomoza, uani kwake walikuwa wamefika wanaume aliowajua kwa sura tu, wale wa kupungiana mkono kwenye kituo cha daladala. Mmoja alikuwa na turubai begani. Mwingine aliuliza, "Kaka, karatasi za hospitali ziko wapi?" akaondoka nazo kwenda kushughulikia kibali cha kusafirisha mwili.

Kilichomkamata zaidi ni mochwari. Kwa mila za kwao mkwe hamgusi baba mkwe, hata akiwa amekufa. Akasimama mlangoni akiwatazama watu baki wakimwogesha na kumvalisha mzee wake. Walijua kazi: mikono yote miwili huingizwa kwanza kwenye shati, ndipo shati lipitishwe kichwani, na muda wote huo mtu mmoja huishika shingo isilegee. Aliyeishika alikuwa muuza mkaa wa mtaa wa pili. Alikuwa akimsemesha marehemu kwa sauti ya chini, akimwomba radhi kila walipomgeuza: "Samahani baba, tunakugeuza kidogo."

Aliporudi kutoka Songea, Katibu alimfuata muuza mkaa akamwuliza anadaiwa kiasi gani. Jibu lilikuwa fupi. "Jumamosi njoo jumuiya."

Akaenda kwa sababu ya deni. Katika kuzungumza na wenzake baadaye aligundua kwamba wengi waliingia kwa mlango huo huo. Mmoja aliuguliwa na mtoto, mwingine alifukuzwa kazi, mwingine nyumba yake iliungua, na kila mara walitokea wanaume fulani wakafanya jambo kwa mikono yao bila kuuliza anasali wapi. Hakuna hata mmoja aliyesema aliingia kwa tangazo la baada ya Misa.

Umoja ulipoongezeka ukajiandikia katiba. Kulikuwa na ada ya mwezi na viwango vya mchango wa msiba kwa madaraja: mwanachama mwenyewe, mwenza, mtoto, mzazi, mkwe. Kulikuwa na sare. Kulikuwa pia na kifungu kilichopita bila ubishi: asiyefika mazishini bila udhuru atalipa faini ya shilingi 5,000. Kila mtu alikiona cha haki. Katika kikao cha mwezi, michango na faini zilisomwa kwa majina, na aliyetoa zaidi alipigiwa makofi.

Wakati huohuo fedha ilikuwa imejifunza kusafiri peke yake. Vodacom ilileta M-Pesa nchini mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata na huduma zake. Kabla ya hapo mchango ulifika msibani na miguu ya mwenye nao. Hata kama mtu alikuwa na haraka, ilimbidi aingie uani, ampe mfiwa mkono, akae dakika kumi, anywe chai ya rangi, amwone mama akilia. Sasa mtu aliweza kufariji akiwa Kariakoo dukani au kwenye foleni ya Ubungo. Kundi la WhatsApp la umoja lilijaa ujumbe wa aina moja: poleni sana wafiwa, nimeshatuma. Mwishoni mwa ujumbe mikono miwili ya sala.

Katika kaunta buku za miaka hiyo safu mbili zinakwenda kinyume. Safu ya fedha inapanda na safu ya waliohudhuria inashuka. Faini za mazishi, zilizoanza kama adhabu ya watu wawili watatu, zikawa chanzo cha mapato cha kutegemewa, na mweka hazina akaanza kuziingiza kwenye makadirio ya mwaka.

Wachumi wanalijua jambo hili. Mwaka 2000 Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha utafiti uliofanyika katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao jioni, hivyo vituo 6 vikaanzisha faini ndogo. Waliochelewa hawakupungua, waliongezeka, na faini ilipofutwa hawakurudi kama zamani. Wazazi waliokuwa wakiona aibu kumsubirisha mwalimu walianza kuona kwamba wananunua muda wake. Pale Pugu hakuna aliyeusoma utafiti huo, lakini mwanachama mmoja, mfanyabiashara wa vipuri, alilisema waziwazi kikaoni bila nia mbaya yoyote: siku moja ya kufunga duka inampotezea zaidi ya laki moja, faini ni elfu tano, hesabu ni rahisi.

Kisha akafa seremala.

Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa umoja, ndiye aliyetengeneza mabenchi ya kigango kabla hakijawa parokia. Mazishi yalipangwa katikati ya wiki, siku ya kazi. Rambirambi zilivuka makadirio kwa mbali. Jeneza lilikuwa la mninga, lenye vishikio vinavyong'aa, na chakula kilisazwa. Alasiri, gari lililobeba mwili lilizama kwenye mchanga mita mia chache kabla ya makaburi, na ikabidi jeneza lishushwe na kubebwa. Wanaume wa umoja waliokuwepo hawakutosha kulizunguka, na mmoja wao alikuwa mgonjwa wa mgongo. Akina mama walianza kuvua viatu ili wabebe wao.

Ndipo Katibu alipowaona vijana wa bodaboda kijiweni, ng'ambo ya barabara, akawapungia mkono. Walizima pikipiki wakaja, wengi wao Waislamu. Walilibeba wakipokezana kila hatua chache, kila mmoja akitaka zamu yake, maana katika dini yao kulisindikiza jeneza na kulibeba ni thawabu, na ni faradhi juu ya jamii nzima hadi wapatikane wa kuitekeleza. Nyimbo za kwaya hawakuzijua, kwa hiyo walikwenda kimya, miguu ikizama. Walipolitua kando ya kaburi, kijana mmoja aliyekuwa ameshika kofia ngumu ya pikipiki alimgeukia Katibu kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee. Samahani, wanaume wenu wako wapi?"

"Marahaba mwanangu. Wako kazini."

Kijana akaitazama pikipiki yake kule barabarani. "Hata sisi tulikuwa kazini, mzee."

Faini zilizokusanywa kutokana na mazishi ya seremala zilikuwa kubwa kuliko za msiba mwingine wowote katika madaftari. Katibu aliziandika kama kawaida, akapiga jumla, na chini ya jumla akaandika maneno ya yule kijana, neno kwa neno, kana kwamba ni hoja ya mjumbe.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu na cha hasira. Pendekezo la kwanza, na lililoungwa mkono na wengi, lilikuwa kupandisha faini hadi shilingi 20,000. Mfanyabiashara wa vipuri alisema hata ikipandishwa ataweza kulipa. Muuza mkaa, ambaye kwa kawaida hakuzungumza vikaoni, aliinuka akasema yeye faini hawezi kulipa ndiyo maana huja kila mara, na akauliza kama hiyo maana yake mazishi ni kazi ya maskini. Ukumbi ukanyamaza. Hakuna aliyemjibu, na muhtasari hauonyeshi jibu.

Msaidizi wa paroko, padre aliyewahi kusoma Italia, aliwasimulia habari za Misericordia, udugu wa mji wa Firenze. Kwa mapokeo yake udugu huo ulianza mwaka 1244, na hadi leo makao yake yako uwanjani karibu na kanisa kuu la mji ule. Watu wa kazi mbalimbali walijitolea kuwabeba wagonjwa na kuwazika maiti, na magari ya wagonjwa ya udugu huo bado yanaendeshwa na watu wanaojitolea. Lililowashangaza wanaume wa Pugu lilikuwa vazi: kwa karne nyingi ndugu hao walifanya kazi wakiwa wamevaa kanzu nyeusi yenye kifuniko cha uso, yakibaki matundu ya macho tu, ili anayebebwa na wanaotazama wasijue nani ni tajiri na nani ni mchuuzi. Padre hakuongeza mengi. Aliwauliza tu kama wao wangeendelea kuchanga iwapo majina yasingesomwa.

Maazimio yaliyopita siku hiyo yalikuwa matatu. Faini ya mazishi ifutwe kabisa. Michango iwekwe kwenye bahasha zisizo na jina, na kinachotangazwa kiwe jumla. Kila msiba uwe na karatasi ya zamu, yenye jina la mtu mbele ya kila kazi: mochwari, kaburi, turubai na viti, usafiri, kulala msibani. Muuza mkaa aliongeza kazi ya mwisho, na ikakubaliwa: mtu mmoja wa kukaa karibu na mfiwa wa kiume, asimwache peke yake na asimsemeshe sana.

Karatasi ya zamu ilionyesha kwamba sababu nyingi za kutofika zilikuwa za kweli, ila zilikuwa na dawa. Mlinzi wa usiku hakuweza kulala msibani lakini aliweza kwenda mochwari asubuhi akitoka lindoni. Mwalimu hakuweza mchana ila usiku aliweza. Dereva wa daladala alipewa kazi siku yake ya mapumziko. Mfanyabiashara wa vipuri aligundua kwamba kaburi huchimbwa alfajiri, kabla duka halijafunguliwa, na kwamba kwenye mchanga wa kule ni lazima kingo zishikiliwe na mbao, la sivyo unachimba shimo lile lile mara mbili. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akifika na mbao.

Wapo wanaodhani hadithi hii inaendelea kwa mfuko kujaa. Haikuwa hivyo. Mweka hazina alikuwa ameonya kwamba mkiondoa majina hamtapata kitu, na hakukosea sana: michango ilishuka, na haikurudi kiwango cha zamani. Baadhi ya wanachama waliondoka, wakiwemo waliokuwa wakitoa vizuri kuliko wote. Mmoja alimwambia Katibu kwamba alijiunga na umoja wa Kikatoliki, hakujiandikisha kuchimba makaburi. Majeneza ya mninga yakawa machache.

Sala ilifuata nyuma ya kazi, tena kwa mwendo wa kinyonga. Mwenye kujua misiba ya Dar es Salaam anajua usiku wake ulivyo: ndani akina mama wamekaa kwenye mikeka wanasali rozari, nje wanaume wako kwenye moto na kahawa chungu, karata na drafti, mpira wa Simba na Yanga ukichambuliwa hadi alfajiri. Usiku mmoja mjane wa kiume, aliyefiwa na mke baada ya ndoa ndefu, alitoka ndani akaja akasimama kwenye moto wao. "Kule ndani wananisalia," akasema. "Na ninyi je?"

Karata zikawekwa chini. Ilikuwa Jumanne, siku ya mafumbo ya uchungu, na rozari waliijua kwa vipande. Litania waliitafuta kwenye simu, mmoja akimulika, mwingine akisoma. Walipofika fumbo la nne, Yesu anachukua msalaba, aliyekuwa akiongoza akasahau linalofuata akabaki kimya. Mlinzi wa usiku akamnong'oneza, "Anasulubiwa, mzee." Wote wakacheka, mjane naye akacheka, kisha wakaendelea hadi mwisho. Tangu usiku huo rozari ya wanaume ikawa na saa yake, saa sita, na karata zikabaki na saa zao.

Kwaresima iliyofuata walikwenda Pugu kwa Njia ya Msalaba, kwenye kituo cha hija cha Jimbo Kuu. Wengi walikuwa wakipita barabara ya huko kila siku bila kujua kwamba Wabenediktini walifika mahali hapo mwaka 1888, na kwamba Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni yao ilishambuliwa na baadhi yao wakauawa. Njiani waliandamana na watu wawili ambao awali hawakuwa wakija popote. Wote wawili walifika msibani kwanza.

Jambo la ndoa lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu liliwahusu wao wenyewe. Mkatoliki anayeishi na mke bila ndoa ya Kanisa hapokei komunyo, na katika umoja huo waliokuwa hivyo hawakuwa wachache. Wengine walikuwa na wajukuu. Ukiwauliza walisema mahari haijaisha. Ukikaa nao usiku msibani, saa tisa, walisema ukweli: waliogopa gharama ya sherehe na aibu ya kufunga ndoa bila sherehe. Kadi za michango, ukumbi, keki, sare za kamati, vyote hivyo vilikuwa vimegeuka sharti ambalo hakuna padre aliyeliweka.

Papa Fransisko alitangaza Mwaka wa Mtakatifu Yosefu kuanzia 8 Desemba 2020 hadi 8 Desemba 2021, kukumbuka miaka 150 tangu Papa Pius IX amtangaze kuwa msimamizi wa Kanisa lote. Umoja ulijadili kushona sare mpya, ukaamua badala yake kushughulikia ndoa. Wanachama wenye ndoa walijitolea kuwa wasimamizi. Ndoa zilifungwa katika Misa ya kwanza ya Jumapili, bila ukumbi wala kamati, na baadaye ilipikwa chai na maandazi nyuma ya kanisa. Suti ilikuwa moja, ya rangi ya kijivu, mali ya mwalimu. Ilivaliwa na bwana harusi mmoja baada ya mwingine, ikilegezwa hapa na kubanwa pale na fundi cherehani wa mtaani, na picha za ndoa za umoja huo zikipangwa pamoja, koti ni lile lile. Mke wa mmoja wao, ambaye waliishi pamoja tangu ujana, alimwambia Katibu kwamba kilichomchelewesha mumewe miaka yote hiyo kilikuwa mchele na soda.

Hapo ndipo mtu angeweza kufikia hitimisho la haraka kwamba fedha ni adui wa udugu. Historia ya wanaume Wakatoliki haikubaliani nalo. Mwaka 1882 huko New Haven, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, Padre Michael McGivney alianzisha Knights of Columbus na wanaume wa parokia ya St. Mary. Wengi wao walikuwa wahamiaji na watoto wa wahamiaji wa Kiayalandi, na McGivney aliona kila mara jinsi baba alipokufa kiwandani au kwa maradhi familia yake ilivyosambaratika, watoto wakigawanywa. Yeye mwenyewe alifiwa na baba yake mwaka 1873, angali mseminari, na kwa muda alilazimika kurudi nyumbani. Udugu aliouanzisha ulikuwa pia mfuko wa bima kwa wajane na yatima. McGivney alifariki mwaka 1890 akiwa na miaka 38 na kutangazwa mwenyeheri mwaka 2020. Udugu wake una wanachama zaidi ya milioni mbili, na bima bado ni sehemu ya kazi yake.

Mjane, kwa maneno mengine, halishwi na waliombeba mumewe. Umoja wa Pugu ulilijua hilo kwa njia yake. Arobaini ikipita, turubai likikunjwa, wanaume hutawanyika, na hapo ndipo shida ya mama huanza. Mjane wa dereva mmoja wa lori alipigiwa simu na shemeji zake kabla hata arobaini haijafika: wanakuja kwa kikao cha ukoo, na aandae funguo za nyumba na za pikipiki mbili za biashara. Mama alimwambia mwenyekiti wa jumuiya, mwenyekiti akamwambia Katibu, na siku ya kikao wanaume wanne wa umoja wakafika wakiwa wamevaa sare, wakaomba ruhusa ya kukaa.

"Ninyi ni akina nani?" kaka mkubwa wa marehemu akauliza.

"Sisi ni ndugu zake wa Kanisa, kaka. Tulichimba kaburi pamoja nawe. Tumekuja kusikiliza tu."

Wakasikiliza kwa saa tatu. Mwalimu aliandika muhtasari kwa mwandiko safi, kila aliyesema lolote akaulizwa jina lake kamili ili liandikwe, na sauti zikashuka zenyewe. Hakuna funguo zilizotolewa siku ile. Kikao kilimpendekeza mama mwenyewe kuwa msimamizi wa mirathi. Wanaume wa umoja walimsindikiza kufuata cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali wa usajili, kisha mahakamani, na mmoja wao alikaa naye kwenye benchi la nje kila shauri lilipoahirishwa. Fedha ya umoja ililipa nauli, na ada ya muhula mmoja ya mtoto aliyekuwa kidato cha tatu. Mfuko uliopungua baada ya faini kufutwa ulitosha kwa hayo, kwa sababu haukuwa tena unanunua mninga.

Tangu hapo karatasi ya zamu ina mstari mwingine chini kabisa: nani atamtembelea mfiwa baada ya arobaini, hadi mwaka uishe. Ndiyo kazi inayokimbiwa kuliko zote. Kuchimba kaburi kuna wenzako na kuna mwisho. Kumbishia hodi mama mjane, kukaa nusu saa, kuuliza mtoto anaendeleaje shuleni na kuondoka bila kuwa na jibu la shida zote ulizosikia, kunawashinda wanaume wengi wazuri. Umoja ulijifunza kuwatuma wawili wawili, na mara nyingi mmoja wao akifuatana na mke wake, ili mtaa usipate la kusema na ili mazungumzo yawepo.

Leo umoja huo una wanachama wachache kuliko enzi za faini, na fedha yake ni ndogo. Jumamosi asubuhi akina mama bado ni wengi kwenye viti vya plastiki, ingawa mwenyekiti hayuko peke yake tena. Vijana wa bodaboda wa kijiwe kile huletewa taarifa za misiba ya Wakatoliki, na wanaume wa umoja nao hufika makaburini kwa Waislamu wa mtaa, husimama kando wakati wa dua, kisha hushika koleo wakiruhusiwa.

Kwa parokia zinazojiandaa kuunda au kufufua umoja wa wanaume, ushauri wa Katibu ni wa vitendo. Kikao cha kwanza kisianze na sare wala ada. Andikeni majina ya wajane wa jumuiya zenu, ya wagonjwa wasiotoka kitandani na ya wanaume wanaotamani kufunga ndoa wakashindwa. Kila aliyepo achukue jina moja na kulitolea taarifa mwezi unaofuata. Atakayetaka kutuma hela badala ya kwenda, pokeeni hela yake, mshukuruni, na jina lake liacheni kwenye zamu.